Siku Arobaini Baada ya Ovari Kuondolewa

Upasuaji wa kuondoa ovari kwa kawaida humalizika ndani ya saa chache, lakini kupona kwake huchukua wiki kadhaa, na sehemu kubwa ya wiki hizo hupita nyumbani, mbali na daktari na muuguzi. Ovari ni viungo viwili vidogo vilivyo pande mbili za mji wa mimba, kila kimoja kikiwa na urefu wa sentimita 3 hivi, karibu sawa na korosho kubwa iliyobanguliwa. Humo ndimo mayai ya uzazi yanamokomaa, na humo ndimo zinamotoka homoni za estrojeni na projesteroni, zinazoendesha hedhi na kusaidia kulinda mifupa.

Sababu za kuziondoa ni nyingi. Huweza kuwa uvimbe wa maji uliokua mno, ovari iliyojisokota mpaka damu ikashindwa kuifikia, usaha uliojikusanya baada ya maambukizi ya muda mrefu, ugonjwa wa endometriosisi, au saratani. Wapo pia wanawake wasioumwa chochote, lakini waliorithi kasoro katika jeni za BRCA1 au BRCA2. Hao hushauriwa kutolewa ovari zote mbili kama kinga dhidi ya saratani, kwa kawaida wakiwa kati ya miaka 35 na 45 na wakiwa wamemaliza kuzaa. Mwigizaji wa Marekani, Angelina Jolie, alifanyiwa upasuaji wa namna hiyo mwaka 2015 na akautangaza mwenyewe, jambo lililowafanya wanawake wengi kuuliza historia ya saratani katika koo zao.

Jambo la kwanza la kupona huanzia wodini, siku ya kuruhusiwa, nalo ni kujua kilichotolewa. Mitaani karibu kila upasuaji wa chini ya kitovu huitwa "kutolewa kizazi", na wapo wanawake wanaorudi nyumbani na mshono bila kujua kama wametolewa ovari moja, ovari mbili, mirija, au mji wa mimba wenyewe. Tofauti si ndogo. Aliyebakiwa na ovari moja iliyo nzima huendelea kupata hedhi, na anaweza kushika mimba, kwa kuwa ovari moja hutosha kufanya kazi ya mbili. Aliyetolewa zote mbili kabla ya umri wa kukoma hedhi huingia katika ukomo huo siku ileile ya upasuaji, hata kama ana miaka 30. Kwa hiyo karatasi ya kuruhusiwa isomwe mbele ya daktari au muuguzi, na yaulizwe maswali manne: kimetolewa nini, kimebaki nini, nyuzi zinatolewa lini au zitayeyuka zenyewe, na majibu ya kipande kilichopelekwa maabara yanafuatwa wapi na siku gani. Karatasi hiyo itunzwe pamoja na vyeti vya watoto. Itahitajika miaka mingi baadaye, pale daktari mwingine atakapotaka kujua kwa nini mgonjwa huyu hapati hedhi.

Namna tumbo lilivyofunguliwa ndiyo huamua urefu wa safari ya kupona. Katika upasuaji wa matundu madogo, daktari hutoboa sehemu tatu au nne, kila moja haizidi sana sentimita 1, hujaza tumbo gesi ya kaboni dayoksaidi ili apate nafasi, kisha hufanya kazi kwa kamera na vifaa vyembamba. Mgonjwa wa aina hii huweza kurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake, na wengi hurudia kazi nyepesi baada ya wiki mbili hadi nne. Katika upasuaji wa wazi hupasuliwa mstari mmoja mrefu, ama wa mlalo juu ya kinena, ama wa wima kushuka kutoka kitovuni. Hapo mgonjwa hukaa hospitali siku kadhaa, na kupona huchukua wiki sita hadi nane. Penye saratani au uvimbe mkubwa sana, njia ya wazi ndiyo hutumika mara nyingi.

Maumivu ya siku za kwanza ni ya kawaida, na hakuna sifa yoyote katika kuyavumilia kimya. Mgonjwa anayeumia hapumui kwa kina, hakohoi na hatembei, na kwa sababu hiyo hujiweka katika hatari ya nimonia na ya damu kuganda. Dawa inywewe kwa saa zake, maumivu yasingojwe yapande kwanza. Parasetamoli kwa mtu mzima ni vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, na visizidi vinane kwa siku nzima. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake, kwa hiyo anayezichanganya huweza kupita kipimo bila kujua na kuumiza ini. Ibuprofeni na diklofenaki hufaa pia, lakini humezwa baada ya chakula, na mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo asizitumie bila idhini ya daktari. Aliyefanyiwa upasuaji wa matundu huweza kushangaa bega likimuuma kuliko tumbo. Ni gesi iliyobaki chini ya kiwambo, yaani msuli ulio kati ya kifua na tumbo, na mshipa wa fahamu wa hapo huyapeleka maumivu begani. Hupotea ndani ya siku mbili tatu, na kutembea husaidia.

Kuamka kitandani ni kazi yenye utaratibu wake. Anayejiinua moja kwa moja kutoka chali huvuta misuli yote ya tumbo kwa wakati mmoja, na maumivu yake hayasahauliki. Njia iliyo salama ni kukunja magoti kwanza, nyayo zikiwa zimekanyaga godoro, kisha kugeuka ubavu, mabega na nyonga vikienda pamoja. Akishalala ubavu ukingoni mwa kitanda, huteremsha miguu chini huku akijisukuma kwa kiwiko cha chini na kiganja cha mkono wa juu, mpaka aketi. Hukaa hapo kidogo kizunguzungu kipite, ndipo asimame. Kukohoa, kupiga chafya na kucheka navyo vina dawa yake: mto mdogo au khanga iliyokunjwa, hukumbatiwa juu ya mshono na kubanwa kwa mikono miwili. Godoro la chini sakafuni halifai wiki hizo, na choo cha kuchuchumaa humtesa mgonjwa kuliko kitu kingine chochote nyumbani. Kiti cha plastiki kilichokatwa tundu katikati na kuwekwa juu ya shimo ni msaada mkubwa, na fundi yeyote wa mtaani anaweza kukitengeneza.

Kutembea kuanze mapema, siku ya kwanza au ya pili. Zamani haikuwa hivyo. Katika karne ya 19 mgonjwa aliyepasuliwa tumbo alilazwa chali wiki mbili au tatu kwa amri ya daktari, kwa imani kwamba mshono ungefumuka. Hata hivyo mfano wa kinyume ulikuwapo tangu mwanzo kabisa. Mwezi Desemba 1809, katika mji wa Danville, jimbo la Kentucky nchini Marekani, daktari Ephraim McDowell alimtoa Jane Todd Crawford uvimbe wa ovari wa takriban kilo 10. Mama huyo alikuwa amesafiri karibu kilomita 100 juu ya farasi kumfuata, na alipasuliwa bila nusu kaputi, maana dawa hiyo ilikuwa bado haijaanza kutumika katika upasuaji. Siku ya tano daktari alimkuta amesimama anatandika kitanda chake. Siku ya 25 alirudi kwao, na aliishi zaidi ya miaka 30 baadaye. Ilichukua zaidi ya karne moja kwa hospitali kukubali kwamba mgonjwa wa upasuaji anapaswa kusimama mapema. Leo ni kanuni: hatua chache kutoka chumbani hadi barazani, mara kadhaa kwa siku, zikiongezwa kidogo kidogo. Miguu inayotembea husukuma damu, na damu inayotembea haigandi kwa urahisi.

Kutembea, hata hivyo, si kubeba, na hapa ndipo nyumba nyingi hukosea. Ngozi ya mshono huonekana imefunga baada ya wiki mbili, na kila mtu, pamoja na mgonjwa mwenyewe, huamini kwamba amepona. Chini ya ngozi kuna utando mgumu unaoshikilia ukuta wa tumbo, nao hupona polepole mno. Baada ya wiki sita utando huo huwa umerudisha karibu nusu tu ya nguvu zake. Ukivutwa kabla ya wakati huachia, na utumbo hujitokeza chini ya ngozi kama henia, ambayo tiba yake ni kurudi tena kwenye kitanda cha upasuaji. Kwa aliyepasuliwa tumbo wazi, kiwango ambacho madaktari wengi hukitoa ni mzigo usiozidi kilo 4 au 5 kwa wiki sita. Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20. Mtoto wa mwaka mmoja ana kilo 9 hivi. Sufuria ya ugali ya familia, gunia la mkaa, beseni la nguo zilizolowa, vyote vimepita kiwango. Kupiga deki kwa kuinama, kutwanga, kulima na kufua kwa mikono ni kazi za misuli ya tumbo hata kama hakuna kinachonyanyuliwa.

Kwa hiyo mapumziko ya mgonjwa huyu hayategemei nia yake peke yake. Yanategemea nani atachota maji. Mila za Afrika Mashariki zina jibu zuri la swali hili, ila hulitoa kwa mzazi tu. Mwanamke aliyejifungua hutunzwa arobaini nzima: mama au mama mkwe huja, wifi hushika jiko, uji na supu huletwa kitandani, na hakuna anayemwita mvivu. Aliyetolewa ovari harudi na mtoto mkononi, kwa hiyo wageni hawaji, na siku ya kumi hukutwa ameshika ufagio. Wiki sita ambazo madaktari huzitaja ni siku 42. Ni arobaini ileile, na mwili wa mwanamke huyu unaistahili kama wa mzazi. Mume anapaswa kuwa wa kwanza kuitangaza, kwa sababu yeye akisema jambo hilo, ndugu na majirani hulipokea bila maneno. Mtoto mdogo asinyimwe mama yake, bali mtu mwingine amnyanyue na kumweka kando ya mama aliyeketi, mto ukiwa umefunika mshono.

Pamoja na hayo, si kila kitu cha arobaini ya uzazi kinahamishika. Kukandwa kwa maji ya moto kusifanywe juu ya mshono mpya, kwani ngozi ya hapo huwa na ganzi, huungua bila mwenyewe kuhisi, na shinikizo hufumua nyuzi. Mkaja wa kukazwa haufai pia. Mkanda laini wa tumbo unaotolewa hospitali husaidia wengine wakati wa kutembea, alimradi haubani pumzi. Dawa za kienyeji za "kusafisha kizazi", na hasa zile za kuingizwa ukeni, ziachwe kabisa.

Mshono wenyewe hauhitaji mengi. Plasta ya hospitali hukaa kwa muda ulioelekezwa, mara nyingi siku mbili. Baada ya hapo mgonjwa anaweza kuoga maji ya kujimwagia na sabuni isiyo kali, maji yapite juu ya mshono bila kusuguliwa, kisha pakaushwe kwa kitambaa safi kwa kugusagusa. Asikae ndani ya beseni wala kuingia baharini mpaka kidonda kifunge. Majivu, poda, mafuta ya nazi na unga wa vidonge vya antibayotiki visipakwe. Nyuzi zisizoyeyuka hutolewa kati ya siku ya 7 na ya 14, na nguo za ndani ziwe za pamba, zenye lastiki isiyopita juu ya mshono.

Tumbo la chakula nalo hulala kidogo baada ya upasuaji. Kutoa hewa ni habari njema, maana huonyesha kwamba utumbo umeanza kazi. Choo kigumu husababishwa na nusu kaputi, kutotembea na dawa kali za maumivu kama tramadoli, na kukisukuma kwa nguvu ni kuupima mshono bure. Maji ya kutosha, papai, mboga za majani, maharage na uji wa nafaka isiyokobolewa hutatua mengi, na ikipita siku ya tatu bila choo, dawa laini ya kulainisha iulizwe duka la dawa. Mayai, samaki, nyama na dengu huupa mwili protini ya kujengea kidonda. Imani kwamba mayai au maharage hutia kidonda usaha haina msingi, na humnyima mgonjwa chakula anachokihitaji zaidi.

Safari huhitaji busara. Bodaboda hutikisa tumbo kwa kila shimo na iepukwe mpaka daktari aruhusu. Mwenye gari arudie usukani pale tu anapoweza kukanyaga breki ghafla bila kuumia. Kwa anayepasuliwa Dar es Salaam na nyumbani kwake ni Kigoma au Songea, basi la kutwa ni jambo zito kuliko linavyoonekana. Kukaa saa nyingi bila kunyoosha miguu ni mojawapo ya njia ambazo damu huganda kwenye mishipa ya miguu, na bonge la damu likikatika na kufika kwenye mapafu huweza kuua ndani ya dakika chache. Ni bora kulala kwa ndugu mjini siku kadhaa, na siku ya safari kusimama na kutembea kila basi linapopumzika. Hatari ni kubwa zaidi kwa wenye saratani, ndiyo maana baadhi yao hupewa sindano za kuzuia damu kuganda za kutumia nyumbani hadi wiki nne. Sindano hizo zisikatishwe kwa sababu tu mgonjwa anajisikia vizuri.

Dalili za kumrudisha mgonjwa hospitali bila kungoja asubuhi zijulikane na kila mtu mzima aliyemo nyumbani. Mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye misuli ya nyuma, pumzi kukatika au kifua kuchoma ghafla ni dalili za damu iliyoganda. Mshono unaozidi kuwa mwekundu, kutoa usaha au harufu, au kufunguka, huweza kuwa na maambukizi. Tumbo kujaa na kukaza huku mgonjwa akitapika na hatoi hewa huashiria utumbo uliosimama au uliojifunga. Damu ukeni inayojaza pedi ndani ya saa moja, mkojo usiotoka, na maumivu makali ya kiuno upande mmoja navyo havingojwi. Homa inahitaji neno la peke yake. Katika maeneo ya malaria, joto la mwili likipanda, mkono hukimbilia kwanza dawa ya malaria. Kwa aliyepasuliwa siku chache zilizopita, homa ya nyuzi 38 au zaidi ihesabiwe kuwa imetoka kwenye upasuaji mpaka daktari aseme vingine. Kipimo cha malaria kifanyike, lakini kifanyike hospitali, na mshono uangaliwe siku hiyohiyo.

Aliyetolewa ovari zote mbili ana upande wa pili wa kupona, usioonekana kwa macho. Ukomo wa hedhi wa kawaida huja polepole, kwa miaka. Huu huja kwa siku chache. Joto huanzia kifuani, hupanda shingoni hadi usoni, jasho hutoka hata usiku wa baridi, na baada ya dakika chache mwili hutetemeka kwa ubaridi. Usingizi hukatika, hasira huwa karibu, wengine hulia bila sababu wanayoweza kuitaja. Nyumba isiyojua haya humwona mwanamke amebadilika tabia, kumbe mwili umepoteza homoni zake kwa ghafla. Aliyebaki na mji wa mimba huweza kutokwa na damu kidogo siku za mwanzo, kisha hedhi isirudi tena.

Hili lina tiba. Mwanamke aliye chini ya umri wa kawaida wa kukoma hedhi, yaani miaka 50 hivi, na ambaye hana kizuizi kama saratani ya matiti, kwa kawaida hushauriwa kutumia homoni mbadala hadi afikie umri huo. Mwenye mji wa mimba hupewa estrojeni pamoja na projestojeni, kwa sababu estrojeni peke yake huweza kuleta saratani ya ukuta wa mji wa mimba. Asiye nao hutumia estrojeni tu. Faida yake si kuzuia joto tu. Utafiti wa Kliniki ya Mayo nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2006, uliwafuatilia wanawake waliopasuliwa kati ya 1950 na 1987. Ulionyesha kwamba waliotolewa ovari zote mbili kabla ya miaka 45 walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa mapema, hasa wale ambao hawakupata estrojeni hadi kufikia umri huo. Mifupa na moyo ndivyo vinavyoumia. Wasioruhusiwa homoni wana dawa nyingine za kupunguza joto, na wote hufaidika na dagaa wanaoliwa pamoja na miba yao, maziwa au mtindi, jua la asubuhi au la alasiri, na mazoezi ya kutembea yatakayodumu hata baada ya wiki za kupona.

Tendo la ndoa husubiri hadi mshono upone na uchunguzi wa marudio ufanyike, na iwapo mji wa mimba umeondolewa pia, si chini ya wiki sita. Ukavu wa uke ni tatizo la kawaida kwa aliyepoteza ovari zote. Vilainishi vya maji na krimu ya estrojeni ya ukeni vipo, na ni vizuri mume na mke wayasikie haya pamoja kwa daktari. Kutolewa ovari hakumfanyi mwanamke kuwa mwanamume, hakuondoi uwezo wake wa kufurahia ndoa, wala si kosa lake. Kwa ambaye hakuwa amepata mtoto, huzuni ya kupoteza zote mbili ni msiba halisi, na kinachomfaa ni kusikilizwa na kupata ushauri nasaha, wala si kuambiwa ashukuru kwamba yuko hai.

Kilichotolewa tumboni hupelekwa maabara kukatwa na kutazamwa kwa darubini, na majibu huja baada ya siku au wiki kadhaa, wakati mgonjwa ameshazoea nyumba yake na maumivu yamekwisha. Uvimbe ulioonekana wa kawaida kwa macho ya daktari huweza kukutwa na saratani, na saratani ya ovari iliyogunduliwa mapema hutibika vizuri kuliko iliyochelewa. Mgonjwa asiyepigiwa simu asidhani kwamba kimya ni majibu mazuri. Achukue karatasi yake ya kuruhusiwa, aende na mtu wa kumsindikiza, akaulize mwenyewe.